Kutoka kikopo cha choo hadi jeni: mwongozo kamili wa kuchunguza E. coli za watoto, kwa wanaofanyia kazi Bagamoyo

Wanafunzi na wateknolojia wa maabara hunijia na swali lilelile: "Nina sampuli mia moja za choo cha watoto wanaoharisha, nitafute jeni gani?" Jibu langu huwakera. Nawauliza, na sampuli za watoto wasioharisha ziko wapi? Mara nyingi hazipo. Kazi ya miezi minane, pesa za vitendanishi zimekwisha, na swali lililoandikwa kwenye pendekezo la utafiti haliwezi tena kujibiwa.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mbali kidogo na mashine ya PCR, ile inayonakili kipande cha jeni mara nyingi mpaka kionekane.

Kwanza, mjue unayemtafuta

Theodor Escherich, daktari wa watoto, alimweleza bakteria huyu, E. coli, mwaka 1885 baada ya kuchunguza vinyesi vya watoto wachanga. Zingatia hilo: alimkuta kwa watoto wazima. E. coli ni mkaazi wa utumbo. Humwingia mtoto siku zake za mwanzo na hukaa naye maisha yote. Kumkuta kwenye choo si habari. Habari ni kujua ni ukoo gani na amebeba silaha gani.

Silaha hizo ni jeni, na nyingi zinahama. Nyingine zimo kwenye plazmidi, yaani vipande vya duara vya vinasaba ambavyo bakteria mmoja humpa mwenzake. Nyingine huletwa na bakteriofaji, virusi wanaoshambulia bakteria. Mfano ninaopenda kuutoa darasani ni wa Ujerumani mwaka 2011. E. coli ya kundi O104:H4, ambayo kwa asili ni ya aina inayojirundika ukutani mwa utumbo, ilikuwa imepata jeni ya sumu ya Shiga kutoka kwa faji. Watu zaidi ya 3,800 waliugua na zaidi ya 50 wakafa. Chanzo kilichofuatiliwa ni machipukizi ya uwatu. Naam, uwatu huuhuu tunaouweka jikoni, ila huko huoteshwa na kuliwa mbichi. Hapa pwani aghalabu unapita motoni kwanza, na moto ni rafiki.

Aina za E. coli utakazozitafuta kwa watoto ni hizi, kila moja kwa kifupisho chake cha Kiingereza. EPEC hutambuliwa kwa jeni *eae*, na ikiwa na *bfpA* pia huitwa halisi. Yenye *eae* peke yake ni isiyo halisi, na tafsiri yake ni ngumu zaidi. ETEC hubeba *elt* (sumu inayoharibika kwa joto) au *est* (sumu inayostahimili joto), au zote mbili. EAEC, ile inayojirundika ukutani mwa utumbo, hutafutwa kwa *aggR*, *aatA* na *aaiC*. STEC, yenye sumu ya Shiga, kwa *stx1* na *stx2*. EIEC, inayopenya ndani ya seli za utumbo, kwa *ipaH*, jeni ambayo Shigella, bakteria wa kuhara damu, naye anayo, maana kinasaba Shigella ni E. coli aliyepewa jina lingine zamani, kabla watu hawajaweza kusoma vinasaba.

Hatua ya kwanza: panga watoto, si vitendanishi

Mtoto anayeharisha, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ni aliyepata choo chepesi mara 3 au zaidi ndani ya saa 24. Kwa kila mmoja wa hao tafuta mtoto mzima wa kulinganishia: wa umri uleule, kutoka kitongoji kilekile, asiyeharisha kwa siku 7 zilizopita, na mchukulie sampuli ndani ya siku 14 tangu ulipomwandikisha mgonjwa. Hivi ndivyo walivyofanya watafiti wa GEMS, utafiti mkubwa wa nchi saba za Afrika na Asia, Kenya ikiwamo, uliochapishwa mwaka 2013. Gawa umri katika miezi 0 hadi 11, 12 hadi 23, na 24 hadi 59. Mtoto wa miezi mitano anayenyonya na wa miaka minne anayekula embe zilizoanguka chini hawana utumbo mmoja.

Msimu nao usiusahau. Ukikusanya wagonjwa wakati wa masika halafu wazima ukawatafuta kiangazi, umelinganisha mvua na jua, hukulinganisha ugonjwa na uzima.

Kwa nini nang'ang'ania wazima? Utafiti wa MAL-ED, ambao Tanzania ilishiriki kupitia Haydom, mkoani Manyara, ulifuatilia watoto tangu kuzaliwa, wakiharisha na wasipoharisha. EAEC ilionekana kwa wingi hata kwenye vyoo vya watoto wasio na shida yoyote. Aliyepima wagonjwa tu angeandika kwamba EAEC ndiyo inayoharisha watoto, na angeandika kwa ujasiri mkubwa.

Hatua ya pili: vibali, na neno "vinasaba"

Kibali cha maadili cha kitaifa hutolewa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na taasisi yako huwa na kamati yake kabla ya hapo. Kisha barua ya halmashauri, ofisi ya kata, mwenyekiti wa kitongoji. Kama bakteria watasafirishwa nje ya nchi, makubaliano ya kuhamisha sampuli yaandaliwe mapema, usingoje mpaka kisanduku kiko uwanja wa ndege. Majina ya watoto yakae kwenye daftari lililofungiwa, na kwenye kikopo iandikwe namba tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu na wewe.

Hayo yote ni makaratasi. Kazi yenyewe iko mlangoni mwa nyumba. Ukimwambia mama wa Dunda au Magomeni, kata za hapa Bagamoyo, kwamba unataka "kupima vinasaba" kwenye choo cha mwanawe, usishangae akinyamaza, na jioni baba akakupigia simu. Kwa watu wengi nchini mwetu, kupima vinasaba ni kutafuta mtoto ni wa nani. Kuna wenzangu walifungiwa milango mtaa mzima kwa neno hilo moja. Sema hivi: "Mama, tunaangalia wadudu wa tumboni. Tutasoma vinasaba vya hao wadudu, si vya mtoto wala vya baba yake." Halafu utimize ahadi hiyo. Ukiamua baadaye kusoma vinasaba vyote vilivyomo kwenye choo bila kuotesha bakteria kwanza, vya mtoto navyo vitaingia, na hiyo ni ridhaa nyingine kabisa.

Asiyejua kusoma asomewe fomu mbele ya shahidi asiye wa timu yako, aweke dole gumba. Na usiende asubuhi mapema siku ya mnada wa samaki kutafuta wazazi nyumbani. Hutawakuta.

Jambo moja la lazima: mtoto atibiwe kwanza. Majibu ya jeni huja baada ya wiki kadhaa, na hakuna daktari anayeyangoja. Mtoto apewe maji ya chumvichumvi ya ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Ukikuta macho yamedidimia, mtoto amelegea, hanywi, au choo kina damu, weka fomu kando na umpeleke kituoni.

Hatua ya tatu: kuchukua choo

Pampasi ni adui. Ule unga wa ndani hufyonza maji yote, na kwa mtoto anayeharisha maji ndiyo sampuli. Mpe mama nailoni safi aitandike ndani ya nepi, au poti iliyooshwa na kusuuzwa vizuri isibaki sabuni wala jiki. Choo kilichogusa mchanga wa uani kiache. Choteni sehemu yenye makamasi au damu kama ipo, si ile iliyo safi kwa macho. Mtoto akishindwa kutoa, tumia swabu ya njia ya haja kubwa, ila kumbuka kuiandika hivyo kwenye fomu, maana swabu hubeba kidogo.

Andika muda. Uliza dawa alizopewa, na uulize kwa upole, mara mbili. Ukiuliza "amepewa antibayotiki?" utaambiwa hapana. Ukiuliza "mlipita duka la dawa mkapewa nini?" utatajiwa Septrini, Flajili, na vile vidonge viwili vilivyobaki vya kaka yake. Mtoto aliyekwisha kunywa dawa asiachwe, lakini asihesabiwe kana kwamba hakunywa.

Joto letu la pwani halina huruma. Choo kibichi kifike maabara ndani ya saa 2. Kama unatoka Kiromo au Fukayosi na bodaboda ndiyo usafiri, chovya swabu kwenye Cary-Blair, ute wa kusafirishia sampuli, iweke kwenye kisanduku chenye vipande vya barafu, nyuzi 4 hivi, na ioteshwe ndani ya saa 48. Barafu isigusane na vichupa moja kwa moja; weka gazeti katikati.

Hatua ya nne: kuotesha, na hesabu ya koloni

Paka kwenye agari ya MacConkey, chakula cha kuoteshea bakteria, saa 18 hadi 24 kwa nyuzi 37. E. coli nyingi huchachusha laktosi, na koloni zake, yaani vidoa vya bakteria vinavyoota kwenye agari, hutoka za waridi. Za Klebsiella, bakteria mwingine wa utumbo, nazo ni za waridi, ila huwa na ute na hujivimbisha. Thibitisha kwa indoli: E. coli chanya, na Klebsiella pneumoniae kwa kawaida hasi. Ukiwa na vipimo vyote vinne vya IMViC (indoli, methyl red, Voges-Proskauer na sitrati), unatarajia chanya, chanya, hasi, hasi. Koloni zisizo na rangi usizitupe zote, kwani Shigella na baadhi ya EIEC hujificha humo.

Sasa swali ambalo wengi hulipita: uchukue koloni ngapi kwa mtoto mmoja? Piga hesabu mwenyewe. Tuseme aina unayoitafuta ni 30% ya E. coli zote za mtoto huyo. Ukichukua koloni 1, nafasi ya kuikosa ni 70%. Ukichukua 3 inashuka hadi kama 34%, na ukichukua 5 ni kama 17%. Ikiwa aina hiyo ni 10% tu, hata koloni 5 zitaikosa mara 59 kwa 100. Mimi huchukua 5, nikiwa na pesa. Anayechukua 1 anasoma anuwai ya kinasaba kupitia tundu la ufunguo.

Chagua koloni kabla hujazipenda. Nina maana hii: usichague zile kubwa zinazong'aa tu. Gawa sahani na uchukue kutoka kila upande. Na kama pia umeotesha kwenye sahani yenye antibayotiki ya sefotaksimu ili kutafuta usugu wa dawa, koloni za sahani hiyo zikae kwenye daftari lao. Ukizichanganya na nyingine, utatangaza usugu ambao uliutengeneza mwenyewe.

Zihifadhi siku hiyohiyo kwenye mchuzi wenye gliseroli 20%, nyuzi 80 chini ya sifuri, nakala mbili kwenye majokofu mawili yasiyotumia laini moja ya umeme. Katika maabara moja niliyowahi kufanyia kazi, umeme ulikatika Ijumaa jioni, jenereta halikuwaka, na Jumatatu tulikuta visanduku vinaelea majini. Lebo zilizoandikwa kwa kalamu ya kawaida zilikuwa zimefutika. Bakteria kadhaa waliamka tulipowaotesha tena, lakini hatukujua tena ni wa mtoto yupi. Tangu hapo naandika kwa kalamu isiyofutika, ubavuni na kwenye kifuniko.

Usiwaoteshe upya mara nyingi kabla ya PCR. Plazmidi ni mzigo, na bakteria aliyeko kwenye agari yenye chakula tele hana sababu ya kuendelea kuubeba. Ukimhamisha mara sita unaweza kupata hasi kwa aliyekuwa chanya.

Hatua ya tano: kutafuta jeni za ukali

Njia ya bei nafuu ya kutoa vinasaba ni kuchemsha. Koroga koloni 2 au 3 za ukoo mmoja kwenye mikrolita 200 za maji safi ya maabara, chemsha dakika 10, poza kwenye barafu, zungusha kwenye sentrifyuji, chukua maji ya juu. Inatosha kabisa kwa PCR ya kawaida.

Unaweza kuweka praima, vipande vifupi vya vinasaba vinavyoonyesha PCR pa kuanzia, za jeni kadhaa kwenye mrija mmoja, mradi bendi zake zitofautiane ukubwa kiasi cha kuonekana kwenye jeli ya 2%. Kila mzunguko uwe na kontroli chanya, yaani bakteria unayejua ana jeni hiyo: 042 kwa EAEC, E2348/69 kwa EPEC, H10407 kwa ETEC, EDL933 kwa STEC. Hizi zinafahamika duniani kote. Na uwe na kontroli hasi, yenye maji tu.

Kontroli hasi ndiyo mwalimu. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea jeli yenye *aatA* kwa watoto wote, kila mstari. Alifurahi kweli. Nikamwonyesha mstari wa maji: nao una bendi. Alikuwa anatengeneza masta miksi, yaani mchanganyiko wa vitendanishi vya PCR, kwenye meza ileile anayofungulia mirija ya PCR iliyokwisha kufanya kazi. Wiki tatu zikaenda. Chumba cha masta miksi kiwe mbali na chumba cha jeli, pipeti zisihame, na mwelekeo uwe mmoja: ukishaingia upande wa jeli, hurudi upande wa masta miksi siku hiyo.

Hatua ya sita: koo za E. coli

Hapa ndipo neno "anuwai" linapopata maana. Njia ya Clermont iliyoboreshwa mwaka 2013, ya kugawa E. coli katika makundi ya koo, hutumia jeni tatu na kipande kimoja cha vinasaba: *arpA* (bendi ya jozi za besi 400), *chuA* (288), *yjaA* (211) na TspE4.C2 (152). Soma kwa mpangilio huo. *arpA* peke yake ni kundi A. *arpA* na TspE4.C2 ni B1. *chuA* peke yake ni F. *chuA* na *yjaA* bila *arpA* ni B2. *arpA* na *chuA* bila *yjaA* ni D au E, na lazima ufanye kipimo cha ziada kuamua. *arpA* na *yjaA* ni A au C, nayo inadai kipimo cha ziada. Wengi huruka vipimo hivyo vya ziada, kisha ripoti zao zinajaa D na A kuliko ukweli.

B2 na D hutajwa zaidi kwenye maambukizi ya nje ya utumbo, kama mkojo na homa ya uti wa mgongo ya wachanga. A na B1 hupatikana sana kwa wakaazi wa kawaida, na pia kwa E. coli nyingi za kuharisha. O157:H7 yumo E. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba B2 ni "mbaya" na A ni "mwema". Ukoo ni ukoo. Silaha hutazamwa peke yake.

Ukiwa na uwezo wa kusoma jenomu nzima, unapata pia namba ya ST, yaani ya tawi dogo zaidi la ukoo, kwa mpango wa Achtman, unaosoma jeni saba: *adk, fumC, gyrB, icd, mdh, purA* na *recA*. ST131 ndiyo inayofuatiliwa sana duniani kwa usugu wa dawa. Jenomu ya E. coli ni herufi milioni 5 hivi. Ikikujia ya milioni 9, hujagundua kitu kipya, umechanganya bakteria wawili. Rudi kwenye agari.

Vipimo vya vitendo, kama kuangalia bakteria wanavyojishika kwenye seli za HEp-2, seli za binadamu zinazooteshwa maabara, au wanavyojenga utando kwenye sahani ya vishimo 96, vinafaa kwa wale wachache wanaokutatanisha. Jeni kuwapo si sawa na jeni kufanya kazi. Usugu nao upime kwa visahani vya karatasi vyenye dawa kwenye agari ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4, pamoja na E. coli ya kulinganishia, ATCC 25922, kila siku ya kipimo. Kwa ampisilini ya mikrogramu 10, duara tupu lisiloota bakteria la milimita 13 au pungufu ni sugu, na 17 au zaidi dawa inafanya kazi.

Hatua ya saba: kuhesabu

Chukua mfano huu wa kubuni. Una wagonjwa 100 na wazima 100. EAEC imeonekana kwa wagonjwa 22 na wazima 18. ETEC yenye *est* kwa wagonjwa 14 na wazima 3. Anayetazama safu ya wagonjwa tu atasema EAEC ndiyo shida kubwa. Kokotoa uwiano wa odi, kipimo cha kulinganisha wagonjwa na wazima ambapo moja maana yake hakuna tofauti: EAEC ni 1.29, na mipaka yake ya 95% ni 0.64 hadi 2.58, yaani moja imo katikati na huna la kusema. ETEC ni 5.3, mipaka 1.5 hadi 19. Ndogo kwa idadi, lakini hiyo ndiyo inayokwenda na kuharisha.

Kosa lingine: koloni 5 za mtoto mmoja si watoto 5. Zikiwa za kundi moja, ST moja na jeni zilezile, hesabu moja. Zikitofautiana, mtoto huyo ana koo kadhaa, na hilo ni jibu linalostahili jedwali lake: watoto wangapi wana ukoo mmoja, wangapi wawili, wangapi watatu.

Hatua ya nane: kurudi nyumbani kwa watu

Tuliporudi Mlingotini na majibu, tulikaa chini ya mwembe na mwenyekiti wa kitongoji na kina mama kama thelathini. Nilijiandaa kueleza makundi. Bibi mmoja akanikatiza: "Hayo sawa. Mjukuu wangu ana huyo mdudu au hana?"

Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Tulimkuta. Na tulimkuta pia kwa mtoto wa jirani ambaye hakuumwa hata siku moja."

Akageuka kumtazama jirani. Kisha akauliza maji ya kile kisima cha karibu na vyoo yalipimwa na nani. Hatukuwa tumeyapima. Kwa hiyo kwenye mpango wako weka chupa za maji tangu siku ya kwanza, chupa moja kwa kila chanzo ambacho kaya ulizoandikisha zinachota, zioteshwe wiki ileile na vyoo vya watoto.